Kusasisha Tor wakati mtandao unabanwa: mwongozo kamili

Unajua ule ujumbe wa Tor Browser, kivinjari kinachoficha uliko na unakokwenda mtandaoni, unaosema toleo jipya liko tayari, uifunge na kuifungua upya? Wengi tunaupuuza. Kurasa kumi zimefunguliwa, kifurushi kinakaribia kukata, basi kesho. Kesho inazaa wiki tatu. Kisha asubuhi moja mtoa huduma anaifunga Tor. Toleo lako la zamani halijui njia mpya ya kupenya, na tovuti ya kupakulia toleo jipya imefungwa pia. Umefungiwa nje, ufunguo umeuacha mezani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia Tor Browser kwenye kompyuta au simu ya Android na anataka iendelee kufanya kazi hata mahali inapopigwa vita. Mwishoni nimewawekea machache wenye intaneti huru na seva ya kuchangia.

Kwanza, kinachofungwa ni nini hasa

Ukifungua ukurasa kwa Tor, mawasiliano yako hupitia vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea. Cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui uendako. Cha mwisho kinajua uendako lakini hakikujui. Kivinjari kinavifahamu vituo hivyo kwa sababu seva chache zinazoaminiwa hupiga kura kila saa na kutoa orodha ya pamoja. Orodha hiyo ni ya wazi. Mdhibiti, yaani anayeibana intaneti, naye anaipakua kama wewe, anachukua anwani zote na kuzifunga. China ilifanya hivyo mwaka 2009.

Dawa yake ni madaraja, yaani vituo visivyoandikwa kwenye orodha ya wazi. Anwani zake hugawiwa chache chache, ili asitokee mtu wa kuzikusanya zote kwa mkupuo.

Mdhibiti akishindwa kwa anwani, huangalia umbo la mawasiliano. Septemba 2011 Iran iligundua kwamba vyeti vya usalama vya Tor vilikuwa na muda mfupi mno, saa chache tu, wakati tovuti za kawaida hutumia vyeti vya miezi au miaka. Kila muunganisho wenye cheti cha namna hiyo ukakatwa. Marekebisho yalitoka siku hiyohiyo, na waliotakiwa kusasisha ni wenye vituo na madaraja peke yao. Watumiaji hawakugusa kitu.

Usizoee bahati hiyo. Desemba 2021 Urusi ilipoanza kuifunga Tor, njia iitwayo Snowflake ilitambuliwa kwa dalili ndogo katika maamkizi ya mwanzo ya muunganisho. Safari hii tiba ilikuja ndani ya toleo jipya la kivinjari, na aliyekuwa amekawia kusasisha alibaki na maamkizi yaleyale yanayomchongea. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba masasisho ni habari ya usalama tu, na kufungiwa ni habari nyingine.

Hatua ya kwanza: sasisha ungali unaunganika

Bonyeza mistari mitatu juu kulia, chagua "Help", kisha "About Tor Browser". Dirisha dogo litakuonyesha namba ya toleo na kuanza kutafuta jipya lenyewe. Likipatikana, liache lipakue, kisha uruhusu kivinjari kifungwe na kufunguka upya. Kwenye Mac, "About" iko kwenye menyu ya juu yenye jina la programu.

Sasisho hilo linapakuliwa kupitia Tor yenyewe, kwa hiyo mtoa huduma haoni kwamba unapakua toleo jipya. Anachoona ni muunganisho uleule aliokuwa akiuona. Faili lina saini ya kidijitali ya watengenezaji, na saini isipolingana kivinjari kinalikataa. Hakuna njia nyingine ya kupata toleo jipya iliyo tulivu na salama kiasi hicho, na inatumika tu pale toleo ulilonalo bado linaunganika. Ndiyo maana nasema sasisha leo.

Kwenye Windows na Linux, Tor Browser ni folda moja inayojitegemea. Usiiweke mahali panapohitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, kwa sababu haitaweza kujiandika upya na sasisho litashindwa kila mara. Folda ya nyumbani au ya mezani inatosha. Kusasisha humohumo kunahifadhi alamisho zako na madaraja uliyoyaweka. Ukifuta folda na kuanza upya, vyote vinaondoka nayo.

Kama bado una Windows 7 au 8, mfululizo wa 13.5 ndio wa mwisho kwako. Toleo la 14 lililotoka Oktoba 2024 halikubali mifumo hiyo. Hapo kinachotakiwa kubadilishwa ni mfumo wa kompyuta wenyewe.

Gharama ya kuahirisha ilionekana Agosti 2013. Tovuti kadhaa zilizofichwa ndani ya Tor zilipandikizwa msimbo ulioshambulia Tor Browser kwenye Windows na kutuma nje jina la kompyuta na namba ya kadi yake ya mtandao. Tundu lililotumika lilikuwa limezibwa katika matoleo ya mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Walionaswa ni wale waliokuwa wakisema kesho.

Kuna mtego mmoja nao uujue. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ESET ilieleza kuhusu tovuti bandia za Kirusi zilizomwambia kila mgeni kwamba Tor Browser yake imepitwa na wakati, hata kama ilikuwa ya siku hiyo. Aliyebofya alipewa kivinjari kilichochezewa, kilichojengwa juu ya toleo la 7.5 la mwanzoni mwa 2018. Wezi walizima masasisho yote humo, na hata faili la kusasishia, updater.exe, wakalibadilisha jina likawa updater.exe0 ili lisiamke tena. Kwa hiyo tovuti ikikwambia kivinjari chako ni cha zamani, usibofye. Nenda "About Tor Browser" ukaulize huko.

Hatua ya pili: weka akiba kabla ya dhiki

Kwenye fleshi, au folda nyingine isiyo ya mtandaoni, weka vitu vinne: faili la kusakinisha la toleo jipya, faili dogo la saini yake lenye jina lilelile likiishia na .asc, ufunguo wa watengenezaji wa kuhakikia saini hiyo, na mistari miwili mitatu ya madaraja ya aina tofauti.

Ufunguo ndio unaosahauliwa. Watu wengi hufikiria saini siku wameshaletewa faili na rafiki, na siku hiyo mahali pa kuuchukulia ufunguo pamefungwa. Uchukue sasa. Kwenye Linux programu ya gpg, ya kuhakiki saini, kwa kawaida imo tayari, kwenye Windows sakinisha Gpg4win, na kwenye Mac tumia GPGTools. Kisha andika:

`gpg --auto-key-locate nodefault,wkd --locate-keys torbrowser@torproject.org`

Kitakachotokea lazima kiwe na alama hii ya utambulisho, herufi kwa herufi:

`EF6E 286D DA85 EA2A 4BA7 DE68 4E2C 6E87 9329 8290`

Uhifadhi kama faili:

`gpg --output ./tor.keyring --export 0xEF6E286DDA85EA2A4BA7DE684E2C6E8793298290`

Tangu hapo, kila ukipata faili la kusakinisha, liwe limetoka popote, unalipima bila hata kuwa na intaneti:

`gpgv --keyring ./tor.keyring jina-la-faili.asc jina-la-faili`

Ukiona "Good signature" ikifuatiwa na jina la watengenezaji wa Tor Browser, endelea. Ukiona "BAD signature", futa faili. Usilifungue kwanza ili kuona itakuwaje. Na ukiambiwa ufunguo haupatikani, maana yake kipimo hakijafanyika. Hiyo haimaanishi kwamba faili ni zima wala kwamba ni bovu.

Mstari wa daraja la aina ya obfs4, inayovuruga mawasiliano yasifanane na kitu chochote, unafanana na huu. Anwani ni ya mfano, na maneno ya herufi kubwa yanashika nafasi ya herufi nyingi:

`obfs4 192.0.2.15:4443 ALAMA-YA-DARAJA cert=SIRI iat-mode=0`

Sehemu ya cert= ndiyo yenye thamani. China ilibuni ujanja wa kupiga hodi: kompyuta ya mdhibiti ikishuku anwani fulani, inaiendea yenyewe na kuongea kama Tor. Daraja la kizamani likiitikia "karibu", limejichongea. Daraja la obfs4 haliitikii mtu asiyeijua siri iliyo kwenye cert. Mpiga hodi anakuta kimya, na kimya hakithibitishi kitu. Ndiyo sababu mstari usiponakiliwa mzima haufanyi kazi. Programu za ujumbe hupenda kuukata vipande viwili au kugeuza alama zake, kwa hiyo nakili kwa kubandika, usiandike kwa mkono, kisha hakikisha umekaa kwenye mstari mmoja.

Madaraja unaweza kuyapata kwenye bridges.torproject.org, kwa boti ya Telegram @GetBridgesBot, au kwa barua pepe kwenda bridges@torproject.org. Kwa barua pepe ni lazima utume kutoka Gmail au Riseup, kwa sababu huko ni vigumu mdhibiti kujifungulia anwani elfu moja na kuyakusanya yote. Tovuti na boti zikifungwa, ndani ya Tor Browser yenyewe kuna kitufe cha kuomba daraja kwenye mipangilio ya "Connection", na ombi hilo linapita kwa njia iliyofichwa.

Hatua ya tatu: siku yenyewe ya kufungiwa

Anza na saa. Naam, saa ya kompyuta. Niliwahi kukaa jioni mbili na jamaa aliyeapa kwamba mtoa huduma wake ameifunga Tor. Tulibadilisha madaraja mpaka tukachoka. Kumbe betri ndogo ya ndani ya kompyuta yake ilikuwa imekufa, na kila akiizima tarehe ilirudi nyuma miaka. Ile orodha ya vituo ina muda wa kuisha unaohesabiwa kwa saa chache, kwa hiyo saa yako ikiwa mbali na ukweli Tor inaona kila orodha ni ya uongo. Angalia saa, tarehe, mwaka na ukanda wa saa. Jamaa yangu alirekebisha mwaka, ikaunganika kwa sekunde chache.

Saa ikiwa sawa, soma kumbukumbu za Tor. Kwenye mipangilio ya "Connection", chini kabisa, kuna kitufe cha kuziona. Utakuta mistari yenye neno Bootstrapped na asilimia. Ikikwama kwenye asilimia za mwanzo kabisa, 5 au 10, ama kituo cha kwanza hakifikiki ama maamkizi yanakatwa njiani. Hapo shaka ya kufungiwa ina msingi. Ikipanda mpaka katikati kisha ikatambaa, mara nyingi ni mtandao dhaifu tu. Iache dakika kumi kabla hujabadilisha chochote.

Tangu toleo la 11.5 la mwaka 2022, kivinjari kinajaribu kukusaidia chenyewe: kikishindwa kuunganika kinakuuliza uko nchi gani, kisha kinachagua aina ya daraja inayofaa huko. Kubali. Kama unaogopa kutaja nchi, au hakijafanikiwa, nenda kwenye mipangilio uchague mwenyewe.

Mimi naanza na Snowflake. Inapitisha mawasiliano kwenye vivinjari vya watu wa kujitolea, ikionekana kama simu ya video, na watu hao wanabadilika kila wakati, kwa hiyo hakuna orodha ya kudumu ya kufunga. Ubaya wake ni kwamba aliyekubeba akizima kompyuta unakatika kidogo mpaka upatiwe mwingine, na kasi yake hupanda na kushuka. Ni ya dharura. Ikishaniunganisha, naitumia kwanza kusasisha, kisha kuomba madaraja ya obfs4 au webtunnel, aina nyingine nitakayoieleza hapa chini, kwa matumizi ya kila siku.

Madaraja ya obfs4 yaliyojengewa ndani ya kivinjari ni ya haraka kujaribu, lakini anwani zake zimo ndani ya programu ambayo mdhibiti anayo pia. Yakikataa, usidhani obfs4 yote imekufa. Weka ule mstari wako wa akiba.

Webtunnel, iliyotangazwa Machi 2024, inajifanya tovuti ya kawaida ya HTTPS. Inafaa hasa pale mdhibiti anaporuhusu vinavyofahamika tu na kukata visivyoeleweka, kwa sababu obfs4 haifanani na kitu chochote, na kutofanana nako huwa kosa mahali pa namna hiyo. Lakini toleo la zamani lisiloijua webtunnel halitakusaidia kwa lolote hata ukipewa mstari mzuri kiasi gani.

Kama toleo lako limezeeka na tovuti imefungwa

Jaribu tovuti vioo kwanza, yaani nakala za tovuti ya Tor: tor.eff.org na tor.calyxinstitute.org. Zikigoma, tuma barua pepe kwa gettor@torproject.org ukiandika ndani jina la mfumo wako, kwa mfano windows, macos au linux. Utajibiwa kwa viungo vya kupakulia kutoka huduma ambazo ni vigumu kuzifunga bila kuvuruga mambo ya watu wengi, pamoja na saini na alama ya ufunguo. Kwenye Telegram iko boti ya @GetTor_Bot kwa kazi hiyohiyo. Fleshi ya rafiki nayo ni njia nzuri kabisa, mradi umepima saini.

Sijasema "mradi" kwa mazoea. Mwaka 2022 kampuni ya usalama Kaspersky ilieleza kisa cha China, ambako tovuti ya Tor haifunguki: kiungo kiliwekwa chini ya video ya YouTube ya Kichina, watu wakapakua, wakapata kivinjari kilichokuwa kikihifadhi historia yao na walichokijaza kwenye fomu. Kufungwa kwa tovuti halali ndiko kulikompa yule mwizi soko. Alama ya ufunguo iliyokuja ndani ya barua pepe ilinganishe na ile uliyohifadhi siku za amani, au hii niliyoiandika hapo juu.

Kumbuka pia kwamba kupakua Tor hadharani kunaacha alama kwa mtoa huduma: ataona ulifungua tovuti gani. Daraja linamfanya asiitambue Tor kirahisi. Halikufanyi usionekane mtandaoni. Mahali ambapo kukutwa na programu hii ni hatari, fleshi ina heshima zaidi kuliko kiungo.

Android

Kwenye simu, Tor Browser haijisasishi yenyewe. Aliyeitoa Google Play husasishiwa na Play, na aliyeitoa F-Droid, duka la programu huria, kupitia hazina ya Guardian Project husasishiwa huko. Aliyepakua faili la APK atalifuata mwenyewe kila mara. Kama Tor yako ya simu bado inaunganika, fungua torproject.org humohumo, pakua APK mpya na uisakinishe juu ya ile ya zamani. Simu nyingi za sasa zinahitaji aina ya aarch64, na za zamani armv7.

Android inakataa sasisho lililotiwa saini kwa ufunguo tofauti na ule wa programu iliyopo. Ukipewa APK na simu ikagoma kuisakinisha juu ya ile ya zamani, usikimbilie kufuta ya zamani ili mpya iingie. Huenda simu imekuokoa. Pakua upya kutoka chanzo chako cha kawaida, ulinganishe.

Sasisho likiharibu kitu

Hutokea. Mei 2019 cheti kimoja cha Mozilla, watengenezaji wa Firefox ambayo Tor Browser imejengwa juu yake, kiliisha muda, na NoScript, nyongeza inayolinda watumiaji wa Tor Browser, ikazimika yenyewe kwa kila mtu. Tiba ilikuja siku chache baadaye katika toleo la 8.0.9. Siku kama hizo punguza mizunguko mtandaoni, usubiri. Usirudi toleo la nyuma. Matundu yaliyozibwa yameshatangazwa hadharani pamoja na tiba zake, na anayetaka kuyatumia ameshayasoma.

Sasisho likikataa kuisha, karibu kila mara ni nafasi kwenye diski, ruhusa za folda, au programu ya kuzuia virusi iliyoshika faili. Nakili mistari yako ya madaraja mahali pengine, sakinisha toleo jipya kwenye folda mpya, hakikisha linaunganika, ndipo ufute la zamani.

Ukiwa upande wenye intaneti huru

Njia nyepesi ni nyongeza ya Snowflake kwenye Firefox au Chrome. Unaiwasha, basi. Tovuti anazotembelea unayembeba hazioni anwani yako, kwa sababu kutoka kwako mawasiliano yanaingia kwanza kwenye Tor.

Mwenye seva ya Debian aweke tor na obfs4proxy, kisha kwenye torrc, faili la mipangilio ya Tor:

`BridgeRelay 1`
`ORPort 8443`
`ServerTransportPlugin obfs4 exec /usr/bin/obfs4proxy`
`ServerTransportListenAddr obfs4 0.0.0.0:4443`
`ExtORPort auto`
`ContactInfo anwani-yako`
`Nickname JinaLako`

Chagua bandari zako mwenyewe na uzifungue kwenye ngome (firewall) ya seva. Epuka 9001, inajulikana kuwa ya Tor. Kama daraja ni la ndugu na marafiki tu, ongeza `BridgeDistribution none` ili lisigawiwe kwa wengine. Mstari wa kuwapa utaukuta kwenye /var/lib/tor/pt_state/obfs4_bridgeline.txt, ukijaza mwenyewe anwani, bandari na alama ya daraja.

Halafu washa masasisho ya kujiendesha kwa unattended-upgrades, na kama Tor uliitoa kwenye hazina ya deb.torproject.org, iongeze hazina hiyo kwenye orodha yake, kwa kuwa bila hivyo itasasisha vya Debian na kuiacha Tor. Seva zinazopiga kura hukataa vituo vyenye matoleo yaliyokwisha muda wake, na daraja lililozeeka linaweza kubaki na dalili ileile ambayo mdhibiti ameshajifunza kuitambua. Unaowabeba hawawezi kuingia kwenye seva yako wakakusasishia. Ingia mara moja kwa mwezi, andika `tor --version`, uone.